Kompyuta Mgongoni

Stendi ya Kaberebere, Mariette alikaza kitenge. Kompyuta ya kikundi cha akina mama wakulima wa Juru alikuwa ameibeba mgongoni kama mtoto, maana mwizi haibi mtoto.

Muuzaji wa Mbarara alikuwa amemwambia, "Ngoja kidogo, mama. Inasemekana mpya zinakuja, ndogo kama kiganja, na prosesa yake ni moto."

Hakungoja. Mavuno yao yote ya maharage yalikuwa ndani ya kile chuma.

"Mutoto amelala vibaya," alisema mwanamke nyuma yake. "Leta nikusaidie."

"Muache tu, dada."

Mkono ukapapasa kitenge, ukasita. Laiti Mariette angalingoja ile ndogo, angaliificha kifuani.

"Yesu! Huyu mutoto iko baridi kama jiwe!"

Watu wa boda wakaja mbio, mmoja akashika fundo la kitenge alifungue.