Mkono wa Gitaa

Watu watatu waliojifunga vitambaa usoni walimwangusha Andongwisye matopeni, katikati ya mashamba ya chai ya Kawetele, asubuhi kweupe. Wawili wakamkalia mgongoni. Wa tatu alimvua gitaa begani, akaliegemeza taratibu kwenye mgomba, kisha akaokota jiwe.

"Kichwa msiguse," alisema.

Wakaunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya gogo. Jiwe likashuka mara nne. Andongwisye alisikia vidole vikivunjika kabla hajasikia maumivu. Walipoondoka, damu yake ilikuwa ikitiririka na maji ya mvua mferejini.

Kwa miaka minane alikuwa akiimba, gitaa la umeme likijibizana na ngoma za Kinyakyusa, na kanda zake zilipigwa katika kila kilabu cha pombe mpaka Mbeya. Mwaka huo, 1996, mashamba ya umma yaliuzwa kwa tajiri mgeni, na walinzi wake wakaanza kubomoa nyumba za wakulima kijijini Lufingo. Andongwisye alitunga wimbo uliomtaja tajiri huyo kwa jina. Angeuimba Jumamosi, uwanjani Makandana.

Barua ikapenyezwa chini ya mlango: Ukiimba Jumamosi, Jumapili utazikwa.

Mama yake, Esnath, alipiga magoti.

"Nimeshazika wawili, mwanangu. Usinipe wa tatu."

"Inuka, mama. Hata wale wa Lufingo wana mama zao."

Sasa alikuwa amelazwa hospitalini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Esnath alimnywesha uji, akalala sakafuni kando ya kitanda chake.

Ijumaa, Esnath alipotoka kwenda kufua, Ezron aliingia wodini. Huyu ndiye aliyempigia besi tangu mwanzo. Wakanong'ona kidogo.

"Nitaimba mimi," Ezron alisema. "Nipe koti lako la jukwaani, watu wajue ni wimbo wako."

"Chukua. Ila mama asijue, atapiga kelele."

Jumamosi alasiri, Esnath akimnywesha uji, Jotham, mpiga ngoma wao, aliingia mbio, shati limelowa damu.

"Ezron amekufa," alisema. "Alikuwa kwenye ubeti wa pili. Wakapanda jukwaani na mapanga. Walimkata shingo, akaanguka, wakaendelea kumkata. Walikuwa wakiita jina lako, Ando. Jina lako!"

Andongwisye alijaribu kuinuka, akaangukia mkono mbovu, akapiga ukelele. Jotham akamrudisha kitandani.

"Ningekuwa mimi," Andongwisye alisema, machozi yakimtoka. "Mama, unasikia? Wale mashetani walioniponda vidole ndio walioniokoa."

Esnath aliweka kikombe cha uji sakafuni. Alimtazama Jotham, akaitazama ile damu ya Ezron kifuani pake.

"Niliwaomba wavunje mkono tu," alisema, "ili Jumamosi asiimbe mtu."