Moto Alioulinda Bweha

Sikukuu ilipokaribia, wanyama walimkabidhi Muhanga, bingwa wa kuchimba, paja zima la ng'ombe alikaushe kwa moshi. Bweha, mdokozi asiye na mfano, akaapa kulila kabla ya wenyewe.

Asubuhi alimkuta Muhanga kando ya kijimoto kinachofuka, nyama haionekani.

"Dada, paja liko wapi?"

"Lipo, kaka. Lakini moto huu ukizimika, au ukiwaka sana, hatutalila. Mimi mchana hulala; nishikie zamu."

Bweha akachekelea moyoni: nyama ikiletwa, itamkuta peke yake! Akautunza moto kutwa, macho yamemwiva kwa moshi, mate yanamdondoka.

Jioni Muhanga akaja na wageni, akawapitisha nyuma ya kichuguu, akafukua shimo. Paja lile hapo, jekundu, laini, linanukia! Moshi wa Bweha ulikuwa ukipita handakini, chini kwa chini, ukiliivisha.

"Mpishi ni huyu," Muhanga akasema, akimpa Bweha pande la kwanza.

Bweha akatafuna, akatikisa kichwa.

"Dada, mimi huiba nyama tu. Wewe umeiba mwizi mzima!"