Gundi ya Ndevu

"Ukitoka na hicho kichwani, kwangu usikanyage tena."

Kaka yake Ubeid alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia. Ukumbini watu mia mbili wa Houston, Waislamu na Wayahudi, walishakaa wakingoja kuchekeshwa. Katika mchezo, Ubeid ndiye mzee wa Kiyahudi. Mwenzake Myahudi ndiye mzee wa Mombasa. Mwenzake huyo alikuwa akijibandika ndevu bandia, kichwani kofia ya vito, ile ya Waswahili iliyodariziwa kwa mkono.

"Na hiyo si kofia aliyoshona mama?"

"Ndiyo, Kaka. Kaituma mwenyewe. Alisema mtoto wa watu asitoke kichwa wazi."

Ubeid akajaribu tena kukibana kile kikofia cha Kiyahudi. Kikateleza. Upara wake uling'aa kama sahani. Kibanio hakikupata hata unywele mmoja wa kushika.

Kaka akacheka kwa dharau. "Umeona? Hata kichwa chako kinakikataa."

Taa za ukumbini zikazimwa. Ubeid, bila kumwondolea kaka yake macho, akamnyooshea mwenzake mkono.

"Lete hiyo gundi ya ndevu," akasema. "Ile isiyobanduka mpaka kesho."