Bibi Anataka Kumwona Mpishi

Bibi alikutwa na mwanawe kwenye kiti cha nyuma, amejifunga mkanda na mkoba uko mapajani, ilhali gari lingali juu ya jeki na tairi moja limelala chini tangu jana jioni.

"Mama, shuka kwanza nifunge tairi."

"Funga tu. Mimi si mzito."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkahawa wa mpishi wa runinga ulikuwa katika mji mdogo, mwendo wa saa nne, na meza yao ilikuwa ya saa saba mchana. Lakini bibi alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mitatu, tangu kipindi kile kilipoanza, na hakutaka kuchelewa.

Kila Jumamosi alasiri ilikuwa hivyo hivyo. Mpishi akitokea, bibi huzima redio, hufunga dirisha, husogeza kiti mpaka magoti yaguse meza ya runinga. Ukimsemesha hakusikii. Kipindi kikiisha hubaki pale pale, matangazo yanapita mbele yake, hadi mtu aje amzimie. Tangu babu afariki, hakuna aliyeona ubaya. Kila mzee na kiliwazo chake, walisema, wakamwacha.

Gari likashika barabara kuu. Mbele, mwana na mkewe walibishana kuhusu paa linalovuja. Nyuma, pamoja na bibi, alikaa mjukuu wa miaka minane, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna breki.

"Bibi, yule mpishi ni mrefu?"

"Kwenye runinga huwezi kujua. Ndiyo maana nakwenda."

"Kumpima?"

"Kumpima."

Mkwewe akacheka kule mbele. "Mimi kinachonishangaza, mama, ni kwamba vipindi vyote hivyo umeangalia, na hujapika hata chakula chake kimoja."

"Kupika hakujawahi kuwa kazi yangu," bibi alisema. "Muulize mumeo alivyokula vilivyoungua utotoni."

Wote wakacheka, kisha wakarudi kwenye paa lao. Bibi akageukia dirishani. Mashamba yalipita, kituo cha mafuta, kiwanda kilichofungwa. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Bibi, unasali?"

"Najifunza kitu cha kumwambia."

"Mwambie chakula chake kitamu."

"Hilo ataambiwa na kila mtu."

Kasuku alingoja amwambie basi ni kitu gani, lakini bibi aligeukia tena dirishani. Mwana akapandisha sauti ya redio.

Mkahawa wenyewe ulikuwa nyumba ya zamani yenye meza kumi na mbili. Walipewa meza ya mwisho, karibu na jiko. Kulikuwa na dirisha dogo ukutani, na kila mkono ulipotokeza hapo kusukuma sahani nje, bibi aliacha kutafuna. Hatimaye akaacha kula kabisa. Alimkatakata kuku wake vipande vidogo vidogo, akavipanga pembeni mwa sahani kama mtu anayemwandalia mtoto.

"Mama, kula, chakula kinapoa," mwanawe alisema.

"Nimeshiba kwa macho."

Saa nane kasoro, mpishi akatoka jikoni huku akijifuta mikono, akaanza kupita meza hadi meza. Kasuku akanong'ona, "Bibi, si mrefu." Bibi alikuwa anaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, na kitambaa chenyewe kilikuwa sawa.

Mpishi akainama mezani kwao. "Karibu sana, mama. Umesafiri vizuri?"

Bibi akafungua mdomo. Mwanawe akamwahi kujibu.

"Tumefika salama. Mama yangu huyu hakosi kipindi chako hata akiwa na homa."

"Ahsante, mama. Lakini mbona hujala? Chumvi imezidi?"

"Hapana," bibi alisema. "Ni kitamu. Nani alikufundisha?"

Sivyo alivyokuwa amejifunza njia nzima. Sentensi ile nyingine alikuwa nayo bado.

Mpishi akatabasamu lile tabasamu la Jumamosi. "Hakuna, mama. Nilianza nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya ndoo ili niifikie sufuria. Baba alikuwa kazini, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine."

"Juu ya ndoo," bibi alirudia.

"Siku nyingine inapinduka." Mpishi akainyooshea kidole picha iliyotundikwa juu ya kaunta, picha ya msichana aliyesimama wima kando ya kiti kitupu. "Mama yangu ni yule pale. Alifariki nikiwa na miaka minne. Baba hakupenda kabisa kumzungumzia, hata kaburi lake sijawahi kuonyeshwa. Nina picha hiyo tu. Nikifungua mlango asubuhi, namsalimia yeye kwanza."

"Pole sana," mwana alisema. "Mungu amweke mahali pema."

"Amina," mkewe akaitikia.

Kasuku akamgusa bibi kiwiko. "Bibi, na wewe sema pole."

"Pole," bibi alisema. "Pole sana, mwanangu."

Mpishi akamshika bega kidogo, akamshukuru, akaenda meza ya pili, ambako watu walikuwa wameshatoa simu tayari kupiga naye picha.

Mwana akaita bili. Mkewe akaanza kumtafutia Kasuku sweta. Bibi akainua macho ukutani tena. Alikumbuka kwamba gauni lile lilikuwa la kuazima, kwamba viatu vilimbana vidole, na kwamba mpiga picha alimwambia avumilie, ni dakika moja tu.