Baridi Ilipovuka Miamba

Mawingu yalitanda siku tatu. Asubuhi ya nne yalipoachana, Mwanahawa aliipata kwenye kompyuta picha ya joto la bahari kutoka kwenye setilaiti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maji baridi yanayosogea karibu na ghuba kila kipupwe. Miaka yote rangi ya buluu, iliyoonyesha baridi, ilikomea nje ya miamba. Leo ilikuwa imeshagusa ufuo wa mji.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yake, Mkasi.

"Wifi, njoo na ndoo! Samaki wanaelea wenyewe, tunaokota tu. Mji mzima uko majini."

"Toka humo, Mkasi! Maji hayo yatakuua."

"Mwanzoni yaliniuma. Sasa wala siyasikii."

Mwanahawa alikimbia hadi ufuoni. Watu walikuwa majini hadi viunoni, wakicheka na kuitana. Aliwapigia kelele watoke.

"Wewe na picha zako!" mwanamume mmoja akamjibu.

Akaingia na viatu vyake, baridi ikamchoma hadi mifupani. Alimkuta Mkasi amesimama tu, midomo imepauka, vidole vimeshindwa kushika ndoo. Akamkumbatia kiunoni, akamburura mpaka mchangani, akamfunika kwa koti lake. Mkasi alitaka kusema neno, lakini meno yaligongana tu.

Mwanahawa akageuka kuwaita wengine. Hawakuwa wakicheka tena. Walisimama kimya majini, na samaki wakipita katikati yao, matumbo juu, bila mkono hata mmoja kuwagusa.