Urithi wa Watanzania Wote

"Mko wangapi?" Zuberi aliuliza kabla hata ya kuitikia shikamoo. Aliinama akachungulia ndani ya Land Cruiser: viti vya mbele, vya nyuma, hadi kwenye buti.

"Wawili tu," alisema Janeth. "Mimi na mwenzangu Kristian."

"Na wengine wako njiani?"

"Wengine wepi, mzee?"

Zuberi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la viazi, akamgeukia kaka yake Abubakari, akamnong'oneza kitu kwa Kishambaa. Wote wawili wakatabasamu.

Tabasamu hilo lilimshangaza Janeth. Kwa jinsi alivyoambiwa sokoni Mlola, ndugu hawa walikuwa paka na panya tangu baba yao, Mzee Ismaili, afariki miaka mitatu iliyopita. Hata sikukuu ya Idi kila mtu alikula kwake. Chanzo kilikuwa gari: MG nyekundu ya viti viwili, ya mwaka 1959, ambayo Mwingereza mmoja wa mashamba ya chai alimwachia mzee, naye mzee akaitumia maisha yake yote kupeleka kabichi gulioni. Abubakari alitaka liuzwe, Zuberi hataki hata kusikia. Dada yao, Mwanaheri, alitaka tu waache kutukanana, na hakuna aliyemsikiliza. Aibu kweli, watu wazima na mvi zao kununiana kwa ajili ya gari lisilo na paa.

Janeth alikuwa mthamini wa magari ya kale kutoka Dar es Salaam, na gari hili alilitafuta miaka sita. Wiki iliyopita alimpigia simu Abubakari. Kwa furaha aliyokuwa nayo, aliongea kama yuko jukwaani.

"Mzee, Jumamosi tunakuja kuthamini urithi huo. Huo si urithi wa familia yenu peke yenu. Ni wa Watanzania wote!"

"Wote?"

"Wote, mzee. Kuanzia Kagera mpaka Mtwara."

Simu ikakatika. Janeth akalaumu mtandao wa milimani.

Sasa walikaribishwa barazani, Mwanaheri akawamiminia chai. Alikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, akaomba radhi kwamba ameshamaliza sabuni mche mzima na bado haitoki. Chini ya migomba alilala fundi Mbaraka, mtengeneza baiskeli na pampu za kijiji kizima. Ilikuwa saa nne asubuhi naye anakoroma, spana kifuani.

Kristian hakuwa na subira. "Mimi ningelipiga rangi mpya, nikaliwekea injini ya kisasa, likaupanda mlima Magamba linaimba. Gari lisilotembea ni kabati."

"Ulipige rangi!" Janeth alipandisha sauti. "Huko ni kumchubua bibi uso ili apendeze kwenye picha. Hata mikwaruzo ya matenga ya kabichi ni historia."

"Historia haipandi mlima."

"Basi panda punda!"

Abubakari alicheka mpaka akashika mbavu. "Na sisi tulikuwa hivi hivi, wanangu. Lakini ile simu ilitufumbua macho. Tukaona hatari iliyo mbele yetu, tukamwita shehe, tukayamaliza kwa haki. Jana tumekula sinia moja."

Mwanaheri alijifuta machozi kwa mkono wa grisi, akabaki na masharubu. Janeth naye ilimgusa. Hakuuliza ni hatari gani. Alidhani mzee anasema walanguzi.

"Hongereni sana," alisema. "Basi niwaambie kilichonileta. MG kama hii zipo nyingi duniani, lakini zote zimefunguliwa zikafungwa, zikafunguliwa tena. Hili la kwenu ndilo pekee ninalolijua ambalo nati zake hazijaguswa tangu litoke kiwandani. Nikilikuta zima hivyo, chama chetu kitalijengea nyumba hapa hapa Mlola, yenye jina la Mzee Ismaili mlangoni, na watunzaji wake mtakuwa ninyi watatu."

Zuberi alipaliwa na chai.

"Nati zote?" Mwanaheri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila moja. Twendeni nikalione."

Walikwenda bandani. Turubai lilikuwa na nundu tatu, na Janeth alijiuliza tangu lini MG ikawa na nundu tatu. Abubakari alisema bismillahi, akalivuta.

Juu ya majani ya migomba kulikuwa na mafungu matatu yaliyopangwa kwa adabu: mawili makubwa, na la tatu nusu yake. Magurudumu mawili kwa Abubakari, mawili kwa Zuberi, la akiba kwa Mwanaheri. Pistoni zilikuwa nne, wakagawana kaka zake, yeye akafidiwa kwa honi. Usukani ulikatwa kwa msumeno vipande vitano vilivyolingana: viwili, viwili, kimoja.

"Mungu ni shahidi, hakuna aliyedhulumiwa," alisema Abubakari.

Kisha akaokota kioo kidogo cha pembeni, akakifuta kwa upindo wa kanzu, akamkabidhi Janeth kwa mikono miwili.

"Anayehudhuria mirathi hatoki mikono mitupu. Hiki tumewatengea Watanzania wote. Mtagawana wenyewe huko."