Pingamizi la Mama Saimon

Kila asubuhi Mwalimu Wendelini alifungua kanisa la Msamala, akawasha taa ya sakristia, akapuliza viganja vyake kwa ajili ya baridi, kisha akavuta kamba ya kengele. Asubuhi ile alikuwa ameshaishika kamba wakati Padre Leonce alipotokea mlangoni, sweta juu ya kanzu, akamwambia aiache kwanza.

"Kuna mtu ameleta pingamizi."

Wendelini hakuiachia kamba. Jumapili askofu alikuwa aje kumpa ushemasi wa kudumu, jambo aliloliota tangu alipostaafu ualimu. Jina lake lilikuwa limetangazwa kanisani kama wanavyotangazwa wachumba, na mwenye kujua kizuizi chochote alitakiwa akiseme mapema. Hakuna aliyetegemea kwamba kingepatikana. Mwalimu alikuwa mgane mwenye heshima zake, asiye na kosa linalojulikana ila kuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

"Nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mama Saimon." Padre alitazama viatu vyake. "Anasema ni kizuizi cha kikanuni, na atakisema kwako tu. Mpaka mmalizane, siwezi kumwambia askofu aje."

Mama Saimon alikuwa fundi cherehani na mtunzaji wa nguo za altare. Mumewe alifariki zamani. Yeye na Wendelini ndio walioanzisha kile kikundi cha wapenda misa ya zamani, kilichokutana kwa Mzee Kajetani kule Ruhuwiko kujifunza nyimbo za Kilatini na kuwasengenya wanaopokea komunyo huku wakitafuna bazoka. Walielewana vizuri mpaka habari za ushemasi zilipofika.

Hapo kikundi kikagawanyika. Mzee Kajetani alisema shemasi anayetoka altareni akaenda kula ugali wa mkewe ni mambo ya juzi. Wendelini akamjibu kwamba Mtakatifu Stefano alikuwa shemasi kabla mtu yeyote hajaimba neno la Kilatini kanisani. Mama Saimon akawa upande wa Kajetani, na kwa ukali uliomshangaza hata Kajetani mwenyewe. Alipinga mahali ambapo shemasi atasimama. Alipinga shemasi kuimba mbiu ya Pasaka. Siku moja alisema mbele ya watu kwamba sauti ya Mwalimu inafaa Nasadiki, lakini akiisoma Injili nayo, watu watalala.

Mwishowe Kajetani akalainika. Alisema amefikiri, na kwa kuwa Mwalimu hana mke, na akishapewa daraja hataruhusiwa kuoa tena, basi ni karibu sawa na padre, na yeye hana neno. Wote wakapiga makofi. Mama Saimon alikunja mtandio wake mweusi akaondoka katikati ya wimbo. Walidhani amekasirika kwa kuwa Kajetani ameusaliti upande wao.

Na ilikuwepo dalmatika, lile vazi la shemasi. Fundi wa kulishona alikuwa Mama Saimon huyo huyo. Alimpima Wendelini mabega, akampima tena, akasema tepu imelegea, akampima upya. Mwalimu alisimama dukani mikono imenyooka kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, huku wapita njia wakimwamkia na kucheka. Kila lilipokaribia kwisha, Mama Saimon alifumua mkono mmoja, akidai mashemasi wa zamani hawakushonewa hivyo. Alikuwa na nia ya kumfikisha Jumapili bila vazi, Wendelini aliamini hivyo.

Sasa alitembea kuelekea dukani kwake akipanga hoja njiani: Matendo ya Mitume, Mtakatifu Laurenti, Mtaguso. Alikuta dalmatika iko juu ya cherehani, mkono mmoja umeshikizwa, mwingine umelala sakafuni kwenye karatasi safi.

Mama Saimon alimvutia kigoda, akammiminia chai. Wendelini akasema hakuja kunywa chai. Kikombe kikawekwa mbele yake hata hivyo, na sukari kidogo, kama anavyopenda.

"Mama Saimon, kama ni Kilatini, nitakisoma," alisema. "Kama ni kupiga magoti, nitawapigisha wote, hata askofu."

"Sina ugomvi na Kilatini."

"Basi ni hili la kusimama altareni. Nitasimama kule nyuma kwenye nguzo."

"Simama popote."

"Sasa kizuizi ni kipi?"

Mama Saimon alikata uzi kwa meno, akautazama kama anausoma. "Kanuni inasema mwanamume hapewi ushemasi wa kudumu mpaka mke wake aridhie."

Wendelini nusura acheke. Hoja zote alizozipanga, na mwenzake amekuja na hii. Akashusha pumzi, akachukua kikombe, akanywa.

"Hiyo ni kwa wenye wake," alisema kwa upole, kama anavyomrekebisha mtoto ubaoni. "Mke wangu Ester amelala makaburini, na wewe unajua. Gauni alilozikwa nalo ulilishona wewe."

"Nililishona. Nalo halikuchelewa."

"Basi waona. Ester hawezi kukataa wala kukubali."

"Sijamtaja Ester."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alimtazama, akaitazama dalmatika, akautazama ule mkono uliolala sakafuni.

"Sasa ni nani ambaye hajaridhia?"

Mama Saimon alitoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Tangu afahamiane naye, hakuwahi kumwita bila kuanza na Mwalimu.

"Mimi, Wendelini."